Sura ya Mtani

Mlangoni mwa Uwanda hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Unaulizwa jina tu, na jina lolote linatosha. Siku nilipofika, mlango uliniuliza: Umekwisha chagua jina? Nami, kwa uaminifu wa mtu aliyefundishwa kujibu swali kama lilivyoulizwa, nikaandika: Bado. Mlango ukafunguka. Karibu, Bado, ukasema. Tangu hapo hilo ndilo jina langu, na hakuna aliyewahi kunitaka nilieleze.

Nimelifikiria sana. Nje, mahali ambapo mwili wangu hula na kulala, nina jina nililopewa na bibi yangu, na jina hilo limeandikwa kwenye cheti cha chuo nilichokifunga kwenye nailoni kisipate unyevu. Lakini Nje pia kila anayekutana nami huniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Umepata kazi? Bado. Umehama kwa mama? Bado. Umeshajua unataka nini duniani? Kwa hiyo mlango haukukosea. Wapo wanaolisikia neno hilo kama mlango uliofungwa. Mimi hulisikia kama mlango uliofungwa ambao nyuma yake kuna mtu anatafuta ufunguo.

Uwandani jua halisogei. Limening'inia mahali pamoja kama taa ambayo hakuna anayekumbuka kuizima, na nyasi zote zina rangi ya shaba. Jana yake na kesho yake zinafanana hivi kwamba watu huambiana "tulikutana kesho" na hakuna anayecheka. Kila aingiaye huvaa sura: wengine sura ya simba, wengine sura ya malaika, wengine sura ya mtoto mwenye panga. Na hakuna kifo. Ukichomwa mkuki unaanguka, unafifia, kisha unajikuta umesimama ukingoni mwa Kisima, umelowa, mzima, huna hata kovu.

Kwa kuwa hakuna kifo, hakuna pole. Nilitembea Uwanda wote nikitafuta mtu mmoja aliyeanguka akaambiwa pole na mwenzake, sikumwona. Kwetu pole si ya kifo peke yake. Mtu akijikwaa anaambiwa pole na mtu asiyemjua aliye ng'ambo ya barabara, ambaye hakuliweka lile jiwe pale. Huko ndiko kuishi na watu, nilidhani: kubeba kidogo jiwe ambalo hukuliweka. Uwandani ukijikwaa wanakukanyaga, kisha wanakucheka ulivyokanyagwa.

Tena wanacheka kwa maandishi. Uwandani hakuna ulimi. Kuna vidole, mahali fulani huko Nje, na vidole vikigusa herufi, maneno huwaka juu ya kichwa cha sura yako, hukaa kidogo, kisha huzimika. Yapo maneno niliyoyaona yakiwaka pale ambayo sitayaandika hapa, maneno yanayomtaja mama wa mtu. Yaliwaka, yakazimika, aliyeyaandika akaendelea na safari.

Neno likizimika linakwenda wapi?

Nilijiuliza hivyo. Sikuwa na kazi nyingine. Nikafikiri, labda haliendi popote, halina uzito, ni mwanga tu. Nikafikiri tena: mbona basi mimi, niliyeambiwa neno moja siku ya kwanza na mtu ambaye sikumwona tena, bado nalisikia nikinawa uso? Kama neno halina uzito, ni nini hiki kinachonilemea?

Swali hilo ndilo lililonibakiza Uwandani. Moto ulikuwa wa wengine.

Maana kazi ya Uwandani ni kubeba moto. Watu hukusanyika watatu watatu, na kila kikosi hubeba moto wake kutoka lango hadi lango, kupitia nyasi ambamo vikosi vingine vimejificha vikingoja kuuzima. Sheria ni moja na haina huruma: lango halifunguki mpaka wote watatu wasimame mbele yake. Ukifika wa kwanza umefika bure. Utasimama pale na moto wako mkononi, mishale ikikujia, ukimtazama wa mwisho anavyokuja.

Katika kikosi chetu wa kwanza siku zote alikuwa Radi. Sura yake ilikuwa ya chui anayetembea kwa miguu miwili, na alikimbia kama mtu anayekimbia kitu. Wa mwisho siku zote alikuwa Chuma. Sura yake ilikuwa jitu lililofuliwa kwa chuma tangu kisigino hadi utosi, na jitu hilo lilitembea kama linavuka tope. Baya zaidi, lilikuwa linasimama. Katikati ya uwanja, bila sababu, mishale ikipita, Chuma lilisimama kabisa mikono ikining'inia, kama limesahau linakokwenda. Kisha linaanza tena. Katikati yao nilikuwa mimi, na sura isiyo na macho, kwa sababu sikuwa nimemaliza kuichagua.

Radi akishafika langoni aligeuka, na juu ya kichwa chake yakaanza kuwaka.

"Mzigo wewe! Unatembea kama jeneza linalotafuta wabebaji!"

"Kobe akikuona anajiita pikipiki!"

"Umeshika ngao kama sinia la pilau, unamkaribisha nani hapa?"

Na juu ya kichwa cha jitu, polepole, herufi moja moja:

"Haya, mtani. Leo umeamka na meno yote."

"Mtani, mtani, nani mtani wako? Tembea!"

"Vuma, debe. Tena debe lenyewe la kuazima."

Hilo la mtani lilikuwa na asili yake, nami nilikuwepo. Siku tulipokutana Chuma aliuliza: "Jamani, nyie ni watu wa wapi?" Uwandani swali hilo ni utovu wa adabu, maana watu wamekwenda kule ili wasitoke popote. Mimi nikanyamaza. Radi akaandika: "Vilimani. Kwani vipi?"

Ndiyo mara pekee niliyoona maneno ya Chuma yakiwaka haraka.

"Vilimani! Ewe mla viazi! Mimi mtu wa Mtoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaoneana haya, wakawa watani. Basi wewe mtani wangu. Nitakutukana, utanitukana, kesi hakuna. Na siku ya msiba utakuja kufukia."

Radi akajibu: "Poa."

Neno moja. Nimelirudia mara nyingi neno hilo. Kwa aliyeliandika lilikuwa na maana ya niondokee, tuanze mchezo. Kwa aliyelisoma lilikuwa mkataba wa mababu uliotiwa sahihi upya. Radi alichukua nusu ya kwanza ya sentensi, ile ya matusi, akaitumia kila siku. Ile nusu ya mwisho sidhani kama aliisoma hata mara moja.

Maana utani ni kitu cha ajabu, na ukikitazama kwa macho ya Uwandani huwezi kukitofautisha na ufidhuli. Maneno ni yale yale. Mzigo ni mzigo. Kichwa kama boga ni kichwa kama boga. Lakini mtani anayekutukana leo ndiye atakayekuchimbia kesho, na anajua hivyo, na wewe unajua kwamba anajua. Tusi lake lina mguu mmoja kaburini mwako. Mtu baki akikutukana anakutoa miongoni mwa watu. Mtani akikutukana anakuhesabu.

Nilimwuliza Chuma siku moja, kikosi cha wageni kilipomwandikia yale nisiyoandika. Kwa hao hakucheka wala hakujibu. Jitu lilisimama tu.

"Mbona Radi hakuchomi na hawa wanakuchoma?"

"Hawa si watani. Mtani ana mpaka. Anajua tutaonana msibani, kwa hiyo anapima."

"Na Radi anapima?"

Herufi zilichelewa.

"Nampimia mimi."

Sikuwa nimewahi kusikia wema wa namna hiyo. Nilijua wema wa kutoa na wema wa kusamehe. Huu wa kumpimia mtu neno ambalo mwenyewe amelimwaga bila kupima, wa kulipokea tusi na kulivika nguo ya utani njiani kabla halijafika moyoni, huo nilikuwa siujui. Nikaona haya kwa sababu ya miaka yote niliyokaa darasani.

Radi kwa upande wake alikuwa anataka kura. Uwandani wawili wakikubaliana wanaweza kumtoa wa tatu, na akitolewa hufifia kama aliyekufa, ila harudi.

"Bado, piga kura. Tumtoe huyu mzigo."

"Bado," niliandika.

"Nakuuliza umepiga au hujapiga?"

"Bado."

"Jina lako litanitia kichaa."

Lilikuwa jambo la kuchekesha, na nilikuwa nalitumia kujificha, maana sikuwa na ujasiri wa kusema hapana. Hata hivyo neno lilifanya kazi yake. Chuma akabaki.

Kisha Chuma hakuonekana. Jua la Uwanda halisogei, kwa hiyo siwezi kusema ni kwa muda gani. Mimi na Radi tulisimama mbele ya lango lisilofunguka, moto ukipungua mikononi mwetu, hata wanaotuvizia wakachoka kutuvizia. Radi alizunguka mbele ya lango kama mnyama aliyefungiwa. Angeweza kutafuta mtu mwingine. Nilimwona hatafuti. Nililiweka hilo moyoni.

Hatimaye jitu likatokea mbali kwenye nyasi, likija kwa mwendo wake ule ule.

"Malkia huyo!" Radi akawaka. "Tulikuwa tunataka kukuagizia jeneza!"

Jitu likaja mpaka langoni. Likasimama.

"Jeneza lipo, mtani."

"Lipo wapi?"

"Sebuleni. Baba amefariki."

Wote watatu tulikuwa mbele ya lango, na lango likaanza kufunguka lenyewe kwa mlio wake wa kengele. Hakuna aliyeingia.

Chuma aliandika vipande vipande, na kila kipande kilizimika kabla ya kingine kuwaka, nami nilikuwa naogopa kimoja kitanipita.

"Upande mmoja wake wote ulikuwa umelala. Nilikuwa nacheza hapo hapo kando ya kitanda. Mkono mmoja huku, mmoja kwake."

"Akitaka maji nasimama. Akitaka kugeuzwa nasimama."

"Kila siku ananiuliza, mtani kasema nini leo? Namsomea. Ile ya jeneza linalotafuta wabebaji alicheka mpaka nikaogopa. Akaniambia isome tena."

"Mtaani kwetu watu wa Vilimani wameisha. Wengine walihama, wengine tuliwazika wenyewe. Baba alikuwa hajatukanwa vizuri miaka mingi."

"Aliniambia, nikifa msinizike kimya kimya kama mwizi. Mwite huyo mtani wako aje afanye kazi yake."

"Kwa hiyo nakuita, mtani. Tunazika kesho kutwa. Nyumba iko nyuma ya mashine ya kusaga, ukifika penye mnara uliza msiba wa Mzee Malongo. Na wewe Bado, ukiweza."

Nilimtazama Radi. Juu ya kichwa cha chui herufi zilikuwa zinawaka na kuzimika kabla hazijawa neno. M. Mi. Kisha giza. P. Kisha giza. Mtu yule ambaye maneno yake yalikuwa yanatoka kama maji ya bomba lililopasuka alikuwa amekaukiwa. Halafu sura yake yote ikafifia, mwanga wake ukatoka, na pale aliposimama pakabaki nyasi zilizolala.

"Amekimbia?" nikaandika.

"Bado," Chuma akaandika.

Sikujua kama ananijibu au ananiita.

Kabla ya siku ya kuzika, neno lilinifikia mimi peke yangu. Lilitoka kwa Radi.

"Bado. Hivi mtani anafanya nini msibani? Baba yangu hakunifundisha hayo. Nimekulia mjini."

Nilimwandikia niliyoyajua, na nilishangaa kwamba ninayajua. Kwamba mtani hafiki kama mgeni, anafika kama mfanyakazi. Anateka maji, anapasua kuni, anashika jembe. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa. Anawatukana wafiwa mpaka wacheke, kwa sababu mtu akicheka msibani anajua kwamba yeye hajafa. Na mwisho anaingia kaburini kabla ya mwili, analala humo, anakataa kutoka mpaka apewe atakacho, ili hata mauti yajue kwamba hapo hayapiti bila kubishiwa.

"Kwa mdomo?" akauliza Radi.

"Nini kwa mdomo?"

"Kutukana. Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."



Siku ya kuzika nikatoka Nje.

Naandika hivi kama vile ni jambo jepesi. Lakini aliyekaa sana Uwandani akitoka, Nje nayo inakuwa uwanda mwingine, wenye sheria ambazo hakuna aliyekueleza. Jua linasogea. Watu wana macho. Nilipofika penye mnara na kumwuliza mama mmoja msiba uko wapi, aliniambia "pole, baba, pita hapo," na ile pole ikanisimamisha njiani kama mtu aliyegongwa. Hakuwa amenijua. Hakuwa amemuua mtu.

Palikuwa na turubai la bluu na viti vya plastiki, masufuria juu ya mafiga, akina mama kwenye mikeka. Nilijikuta natazama juu ya vichwa vya watu nikitafuta maneno. Hayakuwepo. Hapa kila mtu alikuwa amebeba maneno yake ndani, na ilibidi ungoje ayatoe.

Nilianza kumtafuta Radi. Nilimtafuta kwa akili za Uwandani, nikitazama mabega na kelele. Chini ya turubai alikuwepo jamaa mmoja mnene mwenye miwani myeusi, akibishana kuhusu mpira kwa sauti ya kuamsha jirani. Nikamwinamia.

"Samahani, kaka. Wewe ndiye Radi?"

"Radi?" Akatazama angani. "Radi itoke wapi, mvua yenyewe hakuna?"

Wenzake wakacheka. Nikaenda kunawa mikono ili nipate la kufanya. Penye beseni alikuwepo mtu mmoja mdogo wa mwili, mvi zimemwingia kandokando ya kichwa, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa anawamiminia watu maji kwa jagi, mmoja baada ya mwingine, tangu asubuhi inaonekana, maana suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Nikamwambia asante. Akainamisha kichwa. Nikamwuliza kama ni ndugu wa marehemu. Akatikisa kichwa, akageuka kwa mtu aliyefuata.

Chuma ndiye aliyenikuta. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kiunoni, na alikuwa akisema na mtu, akaitwa jikoni, akasimama katikati ya sentensi, mikono ikining'inia, kama amesahau anakokwenda. Nikamjua. Ningemjua popote.

"Wewe ni Bado," akaniambia.

"Umejuaje?"

"Umesimama kama hujaamua." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mimi naitwa Sikudhani. Amekuja?"

Nikatazama pande zote. "Bado."

Nyuma yake akaja mzee mwenye fimbo, baba yake mdogo, msimamizi wa mazishi.

"Sikudhani, mwanangu, jua linapanda. Huyo mtani wako wa kwenye simu hayupo. Mtu wa kwenye simu si mtu."

"Ni mtu, baba mdogo."

"Kama ni mtu yuko wapi?"

Sikudhani alimtazama baba yake mdogo kama Chuma alivyokuwa akilitazama lango kwa mbali, na nikaelewa kwamba kama huyu mzee atazikwa kimya kimya, mwanamke huyu atabeba kimya hicho maisha yake yote, na kwamba hapa, tofauti na kule, hakuna Kisima cha kurudi ukiwa mzima umelowa.

Tukaenda makaburini. Wabebaji walipokezana jeneza begani, vumbi likapanda, hakuna aliyeimba. Tulipofika, sala ilisomwa fupi. Mzee mwenye fimbo akanyoosha mkono.

"Tuteremshe."

"Ngojeni kidogo, baba mdogo." Sikudhani alisogea mpaka ukingoni. Akapaza sauti kwa watu wote. "Mtani wangu yupo?"

Watu wakatazamana.

"Mtani wa baba yangu yupo?"

Nilikuwa na matusi yote ya Radi kichwani. Nilikuwa nayajua kwa moyo, mpangilio wake, pumzi zake. Nilihitaji kufungua mdomo tu, nani angejua? Uwandani ningeivaa sura yake na kazi ingekwisha. Lakini mimi si mtu wa Vilimani. Babu zangu hawakupigana na babu zake mpaka wakaoneana haya. Tusi langu lingekuwa tusi. Nilisimama na uso wangu mmoja, mdomo wazi, na nikaona kwamba kuna mambo ambayo upendo peke yake haukupi ruhusa ya kuyasema.

"M..."

Sauti ilitoka nyuma kabisa ya watu.

"M... m... m..."

Wakageuka. Alikuwa mtu wa beseni. Jagi alikuwa bado amelishika. Shingo imemvimba juu ya kile kifungo, macho ameyafumba, na mdomo umefungwa juu ya herufi moja kama mlango ulioshikwa na kutu.

"Anaumwa?" mwanamke mmoja akanong'ona.

"Ndugu," msimamizi akasema, "kama una neno, sema tuendelee."

Sikudhani akainua mkono. Hakumwinulia yule mtu. Aliwainulia wengine wote.

"Mwacheni," akasema. "Tunamngoja."

Nikaelewa. Nikaelewa kwa nini vidole vyake vilikuwa na mbio kule. Nikaelewa lile "kwa mdomo?" Maisha yake yote watu walikuwa wamemmalizia sentensi zake, wakamtazama saa wakingoja, wakamcheka kwenye madarasa na madirishani mwa ofisi, mpaka alipopata nchi isiyo na ulimi, akavaa chui, akawa wa kwanza. Na alipofika wa kwanza akageuka kumcheka wa mwisho. Simtetei. Nasema tu kwamba yule aliyekuwa hawezi kumngoja mtu langoni alikuwa mtu ambaye hajawahi kungojwa.

Pale sasa alingojwa. Kaburi zima lilimngoja. Wabebaji walishikilia jeneza bila kulalamika. Mtoto alilia, akabembelezwa.

"Mzigo!" akasema.

Watu wakashtuka.

"M-m-mzigo wewe! U-umelala humo kama b-b-bwana harusi, watu wazima wana... wanatokwa jasho! Hata leo hu-hutaki kutembea!" Akavuta pumzi. Akafumbua macho, akamtazama Sikudhani, na uso wake ukafanya kitu ambacho hakuna sura ya Uwandani inayoweza kukifanya. "J-j-jeneza... jeneza limepata wabebaji!"

Sikudhani alitoa sauti. Mwanzoni nilidhani ni kilio, na kilikuwa kilio, lakini kicheko kilikuwa kimekishika mkono, na vyote viwili vikatoka pamoja vikamwinamisha mpaka magoti yakagusa udongo. Bibi mmoja akajipiga paja.

"Mtani huyo! Nasema mtani huyo! Wako wapi waliosema watani wameisha?"

Kicheko kikaenda kwa watu kama moto kwenye nyasi kavu. Jamaa wa miwani myeusi akavua miwani akafuta macho. Na ndani ya jeneza, naamini, na imani hii siwezi kuithibitisha mbele ya mwalimu yeyote, kulikuwa na mzee aliyesema: isome tena.

Neno lililozimika linakwenda wapi? Haya ya kwake yalikuwa yamekwenda kando ya kitanda cha mgonjwa. Yalitupwa kama mawe, mtu akayapokea kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na kazi, akayapika, akamlisha baba yake. Aliyeyatupa hakujua. Na leo alikuwa amekuja kwa miguu yake kuyafuata, ili ayaseme mara moja kama yalivyopokelewa.

Akaweka jagi chini. Akavua viatu, akavipanga kando. Akashuka kaburini, mtu mdogo, suruali imelowa, akalala chali juu ya udongo na kukunja mikono kifuani.

"Si-si-sitoki."

Msimamizi alijaribu kukunja uso. Lakini yeye naye ni mtu wa Mtoni na alikuwa amezika wengi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya zamani kuliko hasira yake.

"Toka, mtani. Toka bwana, tumlaze mwenzio."

"Si-sitoki!"

Sikudhani akapiga magoti ukingoni. Kanga yake ilikuwa na vumbi. Alimwinamia, akazungumza naye polepole, kama anavyozungumza aliyezoea kusimama kando ya kitanda.

"Mtani wangu. Unataka nini ndipo utoke?"

Nilisogea na mimi nikatazama. Kutoka juu nilimwona mzima, uso wazi, jua limempiga, hana chui, hana lango la kukimbilia. Akafungua mdomo. Neno likaja mpaka kwenye midomo, likagonga, likarudi. Likaja tena. Hakuyafumba macho safari hii. Alituangalia sote tuliomzunguka, mmoja mmoja, kama anayetaka kujua ni nani ataanza kuchoka.

Hakuna aliyemmalizia. Hakuna aliyetazama saa. Wabebaji wakabadilishana mabega.

Nyuma, msimamizi, ambaye masikio yamemzeeka, akainua kichwa. "Amesema?"

"Bado," nikasema.

Tukamngoja.